Nilimwitikia "Alhamdulillahi" mtu aliyefiwa

Nilikuwa gatini Lamu, injini ya boti bado inanguruma, jamaa mmoja akanijia akaniambia mamake "ametutoka". Bi mkubwa alikuwa amelazwa wiki nzima. Mimi nikasikia "ametoka". Nikampiga bega: "Alhamdulillahi! Mpeleke nyumbani apumzike." Akanitazama, akageuka akaenda zake. Kosa langu nililijua alasiri, nilipoona watu wakielekea mazikoni.

Miaka 26 nimeendesha boti za dizeli kati ya Mokowe na Lamu. Kelele kama zile huua vijinywele vidogo mno vilivyo ndani ya sikio, na vikishakufa havioti tena. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba kama s, f na sh. Ndiyo maana mtu wa aina yangu anasikia kuwa unasema, ila hajui umesema nini. "Fika" na "shika" kwangu ni neno moja.

Nilipimwa Mombasa, nikanunua mashine ya sikio, ikanisaidia kiasi. Lakini kufikia hapo nilikuwa nishazoea kujificha. Baraza niliacha, harusini siendi, simu ikilia nampa mke wangu. Nikibanwa kabisa nikae na watu, hutikisa kichwa na kucheka wenzangu wakicheka. Wallahi kazi hiyo inachosha kuliko kupakua saruji.

Mpwa wangu ndiye aliyenitafutia mshauri nasaha wa mtandaoni, anitoe katika kujificha huko. Wa kwanza alitaka tuongee kwa simu. Kwa simu! Nikakaa dakika arobaini nikiitikia "ndiyo, ndiyo", nikitoa pesa kufanya lile lile lililonipeleka kwake. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza kama mtaandikiana.

Tiba ya kuandikiana ipo. Kule Sweden, Profesa Gerhard Andersson wa Chuo Kikuu cha Linköping na wenzake wameichunguza miaka mingi, kwa watu wanaosumbuliwa na mvumo masikioni na kwa wenye upungufu wa kusikia pia. Mtu hupewa somo la kusoma na zoezi la kufanya, anaandika yaliyompata, mwanasaikolojia anamjibu kwa maandishi. Mshauri wangu wa pili, bibi mmoja wa Nairobi, alinipeleka kwa mtindo huo wiki nane.

Kila nilipojificha alitaka niandike: ulikuwa wapi, uliwaza nini, ukafanya nini. Nikamwandikia kisa cha Langoni, mtaa wa hapa Lamu. Kijana ananipigia "simila, simila!" na punda wake kabeba mchanga, mimi sisikii, gunia likanisukuma ukutani. Niliwaza kuwa mji mzima sasa wajua mimi kiziwi. Siku tatu sikutoka. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Mji mzima ulikuwepo?" Nilikasirika, nikafunga simu. Usiku nikahesabu waliokuwepo: kijana, punda, na paka wawili.

Baadaye tukapanga ngazi, jambo jepesi chini na zito juu. Kila mahali niseme sentensi ile ile: "Masikio yangu mazito, nitazame usoni ukisema nami." Nilianza dukani. Barazani ilikuwa ngazi ya tano, na kabla ya kwenda niliandika ninachotarajia: watanicheka. Walicheka kweli, dakika moja hivi. Kisha mmoja akaanza kunipigia kelele kana kwamba niko ng'ambo, kisiwani Manda, ikabidi nimweleze kuwa makelele huyavuruga maneno zaidi. Sema polepole, basi. Siku hizi hunipisha nikae mwanzo wa baraza, niwaone wote midomo.

Usikivu wangu haukurudi, na yeyote akikuahidi hivyo mkimbie. Anza kwa daktari. Huenda ni nta tu. Na sikio likiziba ghafla, kwa siku moja au mbili, usingoje, maana dawa yake inataka kuwahiwa. Vilevile kama unawaza kujidhuru, usikae kusubiri ujumbe ujibiwe. Nenda hospitali, au mwambie wa karibu usiku huo huo. Mshauri mwulize amesajiliwa wapi, kwani Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Na simu yako itie nywila. Mwanangu alisoma barua zangu mbili kabla sijagundua, na mojawapo ilimhusu mamake.

Ngazi ya juu kabisa ilikuwa yule jamaa wa gatini. Mwaka mzima tulikuwa tukipishana vichochoroni kama wageni. Nilimwendea baada ya swala ya Ijumaa, nikamweleza nilichosikia siku ile na nilichodhani. Akainama, akasema kitu kwa sauti ya chini. Sikukipata. Nikamwomba arudie.