Klachi ya Gari la Porini Inakaa Kilomita Ngapi? Fundi Anajibu Maswali Yenu

Mvua zikianza tu simu yangu inajaa maswali ya klachi na difu (lile boksi la meno katikati ya ekseli), kwahiyo mwezi huu nimeweka pembeni maswali ya betri na redieta, tutayarudia. Waliouliza kitu kimoja nimewajumlisha, mtanisamehe.

"Fundi habari za kazi. Mi ni dereva wa watalii hapa Arusha, naendesha Land Cruiser ya injini ya 1HZ ile iliyorefushwa, wageni saba, mabegi, friji, spea tairi mbili. Klachi niliyofungiwa imekufa na kilomita 28,000 tu, na dereva wa kabla yangu alifikisha 90,000 na kitu. Sasa bosi anasema mguu wangu ndo mbaya, anataka kukata nusu ya gharama kwenye mshahara. Nina miaka 11 barabarani fundi. Klachi inatakiwa ikae kilomita ngapi hasa?" (Dereva, Arusha)

Pole sana kaka. Namba kwanza maana ndo umeuliza: gari la lami, mikononi mwa mtu anayejua, kilomita 150,000 hadi 200,000 sio ajabu. Gari la porini lenye mzigo kama lako, mi likija na 60,000 mpaka 100,000 nasema klachi imekula chumvi yake, fungua weka mpya. Ila bosi wako anakosea kitu kimoja, klachi haihesabu kilomita. Ukishaachia pedali yote pleti imebanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na presha pleti (sahani inayoikandamiza), vyote vinazunguka pamoja, hakuna kinacholika. Ukikanyaga mpaka chini vimeachana, napo hakuna kinacholika. Inalika hapo katikati tu, pale ambapo kimoja kinazunguka haraka na kingine polepole na vinasuguana, na msuguano ni moto. Unaweza ukatoka Arusha mpaka Karatu ukawa umekula klachi kidogo mno, halafu dakika kumi za kujichomoa kwenye tope la Ndutu mwezi wa pili zikala kuliko safari zako zote za lami za mwaka huo. Kwahiyo 28,000 zako na 90,000 za mwenzako hazilinganishwi mpaka tujue kila mmoja alipita wapi na klachi ilifungwaje.

Sasa fanya hivi kabla mshahara haujaguswa. Nenda gereji walikoshusha giaboksi, omba ile pleti ya zamani, naomba Mungu wawe hawajaitupa. Ishike mkononi uiangalie kwenye mwanga. Kama imelika sawasawa pande zote mpaka karibu na vichwa vya ribiti (kwa Toyota kina kikibaki 0.3 mm kutoka juu ya laini, yaani ule utando wa pleti unaosugua, mpaka kichwa cha ribiti hiyo ni ya kutupa) basi ilichoka kwa kazi, taratibu, na hapo mguu unaweza kuwa na kesi ya kujibu. Kama laini bado ni nene lakini nyeusi, inang'aa kama kiatu kilichopakwa dawa, ukiipitisha kidole kinateleza, hayo ni mafuta, yametoka kwenye sili ya nyuma ya injini au sili ya mbele ya giaboksi, na hapo hata ungekuwa na mguu wa malaika ingeteleza tu. Kama ni nene lakini imepasuka-pasuka, imebanduka vipande na inanuka kuungua, hiyo iliuawa siku moja, we mwenyewe utaikumbuka hiyo siku. Zile springi za katikati zikiwa zimelegea zinacheza, hapo kuna mtu alikuwa anaachia pedali kwa kishindo.

Afu waulize swali la pili, flaiwili ilipelekwa kuchongwa au walifuta na kitambaa tu? Ikiwa na madoa ya bluu bluu ya kuungua na vinyufa, ukaifungia pleti mpya, ile pleti haikai vizuri, inashika sehemu sehemu tu, gari linatetemeka ukiondoka na pleti inaisha mapema. Nalijua hili kwa kuumia. Miaka hiyo najitegemea ndo kwanza, nilishusha giaboksi ya Cruiser nikabadilisha pleti peke yake maana mteja alikuwa analia bei, sili ya nyuma niliiona inatoa kajasho nikasema itavumilia, haikumaliza hata mwezi gari likarudi linateleza, nikashusha tena giaboksi lilelile kwa hela yangu mwenyewe, na Cruiser giaboksi sio sufuria hilo. Toka siku hiyo nikishusha nabadilisha pleti, presha pleti, rilizi beringi, beringi ndogo ya kwenye flaiwili na sili, vyote kwa mkupuo, mteja asiyetaka namtakia safari njema.

Haya, na mguu wako nao tuuseme maana sio malaika. Ukiwa unapanda Lerai kutoka kreta ya Ngorongoro na foleni imesimama, unashikilia gari kwa balansi (klachi nusu, mafuta kidogo) au kwa hendibreki? Wengi mnapiga balansi, mgeni anapiga picha, dereva anaongea na redio kol, na klachi inaungua polepole chini ya miguu bila hata kunuka. Vuta hendibreki, acha pedali. Na lo, zile gia za nguvu na mwendo mdogo, mnaiogopa sijui kwanini, mnaiweka mpaka mmeshanasa. Kwenye lo gari linapata nguvu karibu mara mbili na nusu ya hai (gia za kawaida), maana yake unaachia klachi mapema yote na gari linatambaa lenyewe, hakuna kusugua. Hasa rivasi, ukirudi nyuma na mzigo kwenye mlima kwa hai utakuwa unasugua mwanzo mwisho.

Ikishanuka, simama. Weka fri, toa mguu kabisa kwenye pedali, acha injini iunguruma tu robo saa hivi. Usizime na usikanyage klachi, ikiwa inazunguka inapata hewa inapoa. Ukilazimisha hapohapo ndo unaimaliza.

Mimi nusu ya mshahara siikubali kabla pleti haijaonekana. Ikikutwa na mafuta mwambie bosi aikate mshahara ile sili.

"Niaje fundi. Niko Nanyuki, niko na Nissan Patrol manyuo, nimeinua gari nikatoa tairi za inchi 31 nikaweka za 35. Sasa klachi inanuka kila nikipanda mlima, na nikifika speed ya 80 hivi gari inatetemeka chini ya kiti. Fundi wa hapa anasema ni tairi, nimebalansi mara tatu bado. Nataka hii gari ikae kama zile za Rhino Charge." (Msomaji, Nanyuki)

Poa sana ndugu yangu. Tairi ya 35 juu ya gari la 31 ni kubwa kwa asilimia 13 hivi, na ukubwa huo ni sawa na mtu kukupandishia gia zote kwa asilimia hiyohiyo. Gia ya kwanza yako saivi sio ya kwanza tena, iko njiani kwenda ya pili. Ndo maana inabidi usugue klachi zaidi ili gari liondoke, na ndo maana inanuka. Tiba ya kweli ni kubadilisha krauni na pinioni (meno ya difu) kwenye difu zote mbili, mbele na nyuma na zote ziwe za hesabu moja ya meno, sio moja tu, ukiweka tofauti na ukatia fowili (tairi zote nne zivute) utavunja kitu. Ni gharama. Tiba ya bure ni kuanza kutumia lo kila penye mlima mbaya, au kurudi kwenye tairi ndogo kidogo, najua hutaki kusikia hiyo.

Mtetemo wa 80 mimi naushuku propela, ile shafti inayotoka giaboksi kwenda difu. Ukiinua gari, difu inabaki chini na giaboksi inapanda juu, propela inakuwa imelala kwa pembe kali kuliko ilivyotengenezewa na zile kros (viungo vyake vya kukunjika) zinafanya kazi kama mtu anayetembea ameteguka. Zima gari, weka mawe kwenye tairi, ingia chini, shika propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku huku unaangalia kros. Ikicheza hata kidogo imekwisha. Ukiona unga mwekundu kama kutu umetoka kwenye vikombe vyake, ndani hakuna grisi tena, vijisindano vinasagana vikavu, na ukienda polepole utasikia ti-ti-ti-ti kama kandege. Ukibadilisha kros bila kurekebisha pembe utabadilisha tena baada ya muda mfupi.

Kuhusu Rhino Charge, jamani. Yale mashindano ya magari ya porini huko Kenya yapo tangu 1989, yalianzishwa kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, na kazi ni kupita vituo 13 ndani ya masaa 10 kwa umbali mfupi kuliko wote, yani wanakata moja kwa moja kwenye mawe na makorongo. Wale hawaulizi klachi itakaa kilomita ngapi, wanaomba ifike jioni, na nyuma yao kuna watu wamebeba ekseli za akiba. Gari lako linakupeleka kazini Jumatatu. Usiige.

"Fundi, mimi nanunua mpunga vijijini huku Ifakara na pikapu yangu Land Cruiser, masika tunavuka vijito vya maji mpaka juu ya ringi. Sasa nyuma kunalia uuuuu nikikanyaga mafuta, nikiachia inanyamaza. Dereva anasema tuendelee tu mpaka msimu uishe." (Mama wa mpunga)

Mama, msiendelee. Sauti inayokuja ukikanyaga na kupotea ukiachia mara nyingi ni krauni na pinioni, meno ya difu. Ingekuwa inalia muda wote bila kujali mafuta ningesema beringi. Mwambie dereva apaki sehemu sawa, afungue kizibo cha juu cha difu achovye kidole. Mafuta yakitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Na hayakuingia kwasababu difu imetoboka. Difu ikitembea inapata moto, hewa ya ndani inatanuka, inatokea kwenye kapua kadogo juu ya ekseli. Unaingia kwenye mto, maji baridi yanaipiga ghafla, hewa inasinyaa na difu inavuta pumzi, na kama hako kapua kako chini ya maji au kamezibwa na tope basi inavuta maji hapohapo au kupitia kwenye sili. Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha, mpira mwembamba kutoka kwenye kapua mpaka juu kabisa nyuma ya kebini, na kupumzisha gari dakika kumi kabla ya kuingia mtoni, hizo dakika kumi dereva anapima kina kwa fimbo badala ya kubahatisha. Na akiwa katikati ya maji asikanyage klachi, akikanyaga anawapa maji na mchanga nafasi ya kuingia kwenye pleti, aingie kwa lo gia ya kwanza au ya pili atoke nayo hiyohiyo.

Sasa hivi mwaga mafuta yote, weka mapya, tembea kidogo, mwaga tena, weka tena. Angalia yaliyomwagika: tope laini la kijivu ni kawaida ya difu iliyofanya kazi, lakini ukikuta vipande vinavyochoma kidole hiyo ni meno, tafuta difu. Difu ya Cruiser ikipewa mafuta masafi nimeziona za kilomita 300,000 na zaidi hazijawahi kufunguliwa. Haiuawi na mzigo wa mpunga mama, inauawa na maji yanayolala ndani wiki nzima. Na kros zipigwe grisi kila baada ya siku ya kuvuka, mpaka ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne.

"Nikiwa na Cruiser 70 naweza kutembea na fowili muda wote ili kuzoesha gari?" (Kijana, Babati)

Hapana! Gari lako halina difu ya katikati, ukiwa kwenye lami kavu na fowili tairi za mbele na za nyuma zinataka kutembea umbali tofauti kwenye kona na hakuna wa kuzipatanisha, mfumo mzima unajikunja mpaka usukani unakuwa mzito na fowili inagoma kutoka. Porini tope linateleza kwahiyo linasamehe. Cha kufanya, mara moja kwa mwezi funga hab (zile kufuli za katikati ya ringi za mbele), tafuta barabara ya vumbi, tembea kilomita chache mafuta yafike mbele.

"Nina Land Rover Defender ya zamani, kuna kitundu chini ya nyumba ya klachi kinadondosha mafuta, nimeona kina nyuzi za bolti. Nikizibe?" (Mzee, Iringa)

Shikamoo mzee. Hicho kitundu ni cha makusudi. Kuna kizibo chake, kinafungwa siku ya kuvuka maji tu, ukishavuka unakifungua. Ukikiziba moja kwa moja mafuta yanayovuja kwenye sili yatajaa humo ndani na kulowesha klachi. Hicho kinachodondoka ndo kinakwambia sili imeanza kuchoka, weka karatasi chini usiku upime. Yakiwa matone mawili matatu endelea na safari zako, yakiwa kisahani nipigie.