Kujitolea kwa mafundi wa sanaa za jadi Mexico: kazi ipo, ila si ile unayoifikiria

Mkuu, umeuliza kama mtu asiye msanii anaweza kwenda Mexico akajitolea kwa mafundi wa sanaa za jadi na wao wakafaidika kweli. Anaweza. Nimeishi Guadalajara kwa muda, na nimejitolea kwenye maonyesho ya Feria Maestros del Arte, yale ya Chapala kando ya ziwa, yanayofanyika mwezi wa Novemba. Yalianza mwaka 2002. Kilichonivuta ni utaratibu wake: fundi halipii meza, analala kwa wenyeji waliojitolea kumpokea, na akiuza, hela yote ni yake.

Kwanza, usiende na mpango wa kuwafundisha. Wafumaji wa Teotitlán del Valle, mkoani Oaxaca, ni Wazapoteki, wenyeji wa asili wa huko, waliokua ndani ya kazi hiyo. Nyekundu yao inatoka kwa vidudu vya kochinili wanaoishi kwenye mpungate. Nilimtazama mama mmoja akisaga vidudu hivyo kiganjani, rangi ikatoka damu ya mzee. Akakamulia ndimu, ikawaka kama chungwa. Akatia chokaa kidogo, ikageuka zambarau. Watu wote waliokuwa wakipita wakasimama. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafsiri tu, maana wanunuzi wengi pale kwenye maonyesho ni wastaafu wa Kimarekani na Kikanada. Walipoelewa zulia lile limemchukua miezi, hakuna aliyeomba apunguziwe.

Hapo kwenye bei ndipo msaada ulipo. Kijijini fundi anakutana na mchuuzi wa jumla anayejua kabisa kwamba mwenzake anataka hela ya leo. Niliwahi kuona mnyama wa mbao ya kopali, wale wa rangi kali wanaoitwa alebrije, kwenye duka moja la watalii kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile aliyonitajia mchongaji wa San Martín Tilcajete, kijiji kingine cha Oaxaca. Iliniuma sana. Mteja akishaongea na aliyechonga mwenyewe, hata kwa mdomo wa mkalimani, mara nyingi hurudi kwake moja kwa moja.

Ila umwambie mteja ukweli. Vyungu vyeusi vya San Bartolo Coyotepec, huko huko Oaxaca, vinang'aa kwa ufundi ulioenezwa na Doña Rosa Real miaka ya 1950: udongo unasuguliwa kwa jiwe gumu kabla haujakauka kabisa, kisha unachomwa kwa moto wa chini kidogo. Vinapendeza mno, lakini maji yanavuja. Anayetaka chombo cha kuwekea maua mabichi aambiwe kabla hajalipa. Na vyombo vya kupikia vilivyopakwa mng'ao, uliza kama una madini ya risasi, kwa sababu mng'ao wa jadi mara nyingi unayo. Wapo wafinyanzi walioacha risasi kwa gharama na usumbufu mkubwa. Hao uwatangaze kwa sauti.

Kufunga mizigo nako ni kazi ya heshima. Alebrije nyingi masikio, pembe na mkia vinachomolewa. Kila kipande kifunge peke yake na ukiandike ni cha nani. Sikio likipotea Texas, fundi ndiye atakayelaumiwa.

Kuhusu zile programu zinazomtoza mjitoleaji hela nyingi "kusaidia kijiji", waulize swali moja: fundi anabaki na kiasi gani? Moja niliyoiuliza ilinijibu kwa picha za watoto wanaotabasamu. Nikaachana nayo.

Kihispania kisikutishe, japo ukijifunza kabla ya safari utafaa zaidi. Wazee wengine hata wao Kihispania ni lugha yao ya pili. Kama chako bado ni cha kuokoteza, omba upangwe kwenye kubeba na kufunga, au kumpokea fundi nyumbani kama utakuwa umepanga nyumba karibu. Waandikie waandaaji wa Feria mapema, miezi kadhaa kabla ya Novemba, na uwaambie wazi unaweza nini.