Mbinga Inafaa kwa Mgeni wa Kahawa?

Umeuliza kama inafaa kwenda Mbinga, mkoani Ruvuma, mwezi wa saba badala ya Moshi, ukaione kahawa mashambani. Nenda, ndugu yangu. Mwezi huo ni wa mavuno, na huko kahawa ndiyo maisha ya watu.

Kutoka Songea ni kama kilomita 100, lami tupu, na magari ya abiria yapo. Beba sweta nzito. Baridi ya Julai kule milimani si ya mzaha. Nyumba za wageni zipo, za kawaida tu.

Usiishie mjini. Ukifika, nenda kwenye ofisi ya chama cha ushirika cha msingi, jitambulishe, uombe mtu wa kukupeleka vijijini. Utaona buni nyekundu zikimenywa, zikilowekwa, zikioshwa, kisha zikianikwa kwenye vichanja huku akina mama wakichambua mbovu kwa mkono, punje kwa punje. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Na tafadhali, usiondoke bila kuona ngoro, kilimo cha mashimo cha wenyeji wa huko. Wamatengo hulaza nyasi kwa mistari inayokatizana kwenye mteremko, huchimba shimo katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo wake. Mahindi na maharage hupandwa kwenye matuta, maji ya mvua hutuama shimoni, na udongo hauporomoki. Mimi naona ngoro peke yake inatosha kukufungisha safari.

Ukibakiwa na siku, teremka Mbamba Bay ukaoge Ziwa Nyasa.