Laptopu 4, watoto 48

Mwalimu wa Newala, umeuliza utawafundishaje uprogramu, yaani kuipa kompyuta amri, watoto 48 wa darasa la nne kwa laptopu 4, na umeme wa kubahatisha. Usirundike 12 kwenye mashine moja. Mmoja atabonyeza, wengine wataona mgongo wake. Weka watatu kwa laptopu, dakika 15, kipanya kikibadili mkono kila dakika 5. Kila kikibadilika, wahifadhi kazi. Kwa vipindi viwili wote watakuwa wamegusa.

Wanaosubiri wakae barazani, mlango wazi uwaone. Chora kwa chaki miraba 5 kwa 5, weka korosho kwenye mmoja. Mtoto mmoja ni roboti, wenzake wanamwandikia amri za kuifikia korosho: mbele, geuka kulia, geuka kushoto. Uprogramu wenyewe ndio huu! Wengi hukosea hapa: wakiandika "geuka kulia" hutaka roboti ageuke na asogee kwa pamoja. Kugeuka ni amri moja, kusogea nyingine. Roboti akipotea usiwape jibu. Wapitie amri kwa kidole, moja moja, mpaka waikamate iliyokosewa.

Kwenye laptopu watumie Scratch, programu ya watoto ya kujifunzia uprogramu. Ina Kiswahili na toleo la kutumia bila intaneti. Ipakue mara moja, ibebe kwenye flashi. Wakishindwa kubofya mara mbili, punguza kasi yake kwenye mipangilio ya kipanya.