Wasomaji wanauliza: Santiago kwa miguu, twende mwezi gani?

*Yaya, tumsifu Yesu Kristu. Miye ni mama wa Kamalondo hapa Lubumbashi, niko na miaka 58 na miguu bado iko na nguvu, Mungu asifiwe. Mtoto wangu wa kwanza eko Liège kule Ubelgiji, sasa anataka tufanye pamoja ile pelerinaji ya Mtakatifu Yakobo, kutembea mpaka Santiago kule Hispania. Konje yake ya kazi inakuwaka mwezi wa 7 na wa 8, anasema ni muzuri juu kule ni joto na mvua hakuna. Dada yangu anasema hapana, muende mwezi wa 12, tiketi ya ndege iko chini na watu ni kidogo. Miye nabaki katikati. Nataka kutembea njia yote, si kipande. Nichague mwezi gani?*

Milele amina, mama. Nikujibu kwanza halafu ndio nieleze: kama ni njia yote unayotaka, anza kutembea wiki ya kwanza ya mwezi wa 9. Si wa 7, si wa 8, na wa 12 usiufikirie kabisa.

Angalia urefu wenyewe. Ile njia watu wengi wanafuata, wanaiita njia ya Wafaransa, inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa na mpaka Santiago ni kama kilometa 780. Ni kutoka hapa Lubumbashi mpaka Kolwezi, urudi, na bado njia inakudai. Watu wanatembea kilometa 20 mpaka 25 kwa siku, kwa hiyo wanamaliza kwa mwezi mmoja au wiki tano. Sasa kwa wiki tano mama hautembei ndani ya hali moja ya hewa, unapita milima ya Pyrenees siku ya kwanza tu, unashuka Pamplona, unapita mashamba ya zabibu ya La Rioja, unaingia ile tambarare kubwa wanaita Meseta, tena milima ya León, halafu Galicia, jimbo lenyewe la Santiago, ambako mvua ya bahari ya Atlantiki haiombi ruhusa. Ndiyo maana mtu akikuambia "mwezi wa 7 Hispania ni kuzuri" umuulize Hispania ya wapi, juu siku utakayofika Meseta ndiyo siku hiyo hali ya Meseta inakuhusu, ya kule pwani haikusaidii kitu.

Na Meseta mwezi wa 7 na wa 8 ni moto. Kati ya Burgos na León ni kama kilometa 180, joto linapita 35 mara nyingi, miti ni ya kuhesabu. Kuna kipande kimoja kutoka Carrión de los Condes mpaka Calzadilla de la Cueza, kilometa 17, hakuna kijiji katikati, hakuna mahali pa kununua maji, hakuna kivuli. Watu wanaondoka usiku na tochi ili wafike kabla jua halijapanda. Najua utasema wewe joto umezaliwa nalo. Lakini mji wetu uko juu, mita 1,200 hivi, hata mwezi wa 10 ukituchoma ni 32 au 33 na mwembe wa jirani hauko mbali, na hakuna anayekulazimisha kutembea kilometa 20 na begi mgongoni saa ile ya jua kali. Halafu kuna moto wa pori. Mwezi wa 8 mwaka 2025 moto uliwaka vibaya upande wa León na Galicia mpaka kipande cha njia kati ya Astorga na Ponferrada kikafungwa, na watu waliokuwa njiani ikabidi wapande gari wakiruke. Mtu aliyetoka Katanga na ahadi yake kwa Mungu ya kutembea yote, kupandishwa basi kwa nguvu ni maumivu kweli.

Tena mwezi wa 7 kuanzia tarehe 6 mpaka 14 Pamplona iko kwenye sikukuu ya San Fermín, ile ya kukimbia na ng'ombe dume, kitanda kinakuwa shida na bei inapanda. Tarehe 25 ni sikukuu ya Mtakatifu Yakobo mwenyewe, Santiago inajaa.

Dada yako umwambie kwa upole kwamba mwezi wa 12 tiketi nazo zinapanda juu ya Noeli, ila kubwa si tiketi. Ile njia ya juu ya Pyrenees inafungwa kuanzia tarehe 1 mwezi wa 11 mpaka tarehe 31 mwezi wa 3, unapitishwa chini bondeni, Valcarlos. Nyumba nyingi za kulala mahujaji, wanaziita albergue, zinafunga mpaka karibu na Pasaka. Theluji inaanguka kule Cruz de Ferro, mita 1,500, na kule O Cebreiro. Na kule Galicia mwezi wa 12 jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni limeshaingia! Unatembea saa ngapi mama? Kijana mwenye mazoea ya baridi anaweza, na wapo wanaopenda ule upweke wa kusali, siwezi kuwakatalia. Wewe wa miaka 58 ambaye theluji hujawahi kuikanyaga, hapana.

Inabaki miezi miwili ya kupima: wa 5 na wa 9. Ulaya watu wengi wanasifu mwezi wa 5, maua, majani mabichi, siku ndefu, na ni kweli. Lakini hapa ndipo nataka unisikilize vizuri juu hili watu wa Ulaya wanaoandika habari za njia hii hawawezi kulijua: majira unayochagua kule yanaamua pia majira utakayofanyia mazoezi hapa. Ukitaka kuanza mwezi wa 5, mazoezi yako yote yanaanguka mwezi wa 2, wa 3, wa 4, ndani ya mvua yetu, matope ya mtaa wa Katuba unayajua, na radi za mchana unazijua, utatembea siku mbili kwa wiki na nyingine utabaki nyumbani unaangalia dirishani. Ukianza mwezi wa 9, mazoezi yako ni mwezi wa 6, 7 na 8, kiangazi, barabara kavu, asubuhi baridi kabisa chini ya 10, yaani hali ileile utakayoikuta asubuhi kule milimani. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtu wa Lubumbashi! Anza na kwenda mtaa wa Ruashi na kurudi polepole, ongeza kila wiki, na viatu vilevile utakavyosafiri navyo, begi lenye uzito uleule, lisipite sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wako. Ukiweza kilometa 20 leo na kesho yake 20 tena bila malengelenge, uko tayari.

Na mwezi wa 9 kule joto linakuwa limeshuka, Meseta unaipita katikati ya mwezi ikiwa inavumilika, La Rioja wanaanza kuvuna zabibu, albergue bado zote ziko wazi, na unaingia Santiago mwanzo au katikati ya mwezi wa 10 kabla mvua kubwa za Galicia hazijashika kabisa. Koti la mvua ubebe tu, Galicia ni Galicia. Na kikwembe kimoja, kinafaa kulalia, kujifunika, hata kujifutia maji, hakina uzito.

O Cebreiro wasikutishe. Iko mita 1,300, karibu sawa na hapa kwetu, hewa haitakusumbua, ni kupanda tu ndiko kunachosha.

Sasa viza, juu nayo iko na majira yake. Siku nyingi utakuwa Hispania, kwa hiyo unaomba ya Hispania hata kama mtoto yuko Ubelgiji, na yeye aliyekualika hilo alijue mapema. Unaruhusiwa kupeleka dosie kuanzia miezi 6 kabla ya safari, isipungue siku 15. Usingoje siku 15, ombi linaweza kuchukua wiki nyingi, na mwezi wa 6 na wa 7 kila mtu anaomba. Kwa safari ya mwezi wa 9, dosie iingie mwezi wa 3 au wa 4. Malipo ni euro 90 kwa mtu mzima, na asiransi ya safari ya kufikia euro 30,000 ni lazima.

Kuhusu konje ya mtoto. Asiombe wiki tano, aombe wiki moja tu mwisho wa mwezi wa 9 au mwanzo wa wa 10, akukute mji wa Sarria. Kutoka pale mpaka Santiago zinabaki kama kilometa 115, ni sawa na kwenda Likasi, siku tano au sita, mnaingia pamoja kanisani. Zile wiki za mbele tafuta mama mwenzako mmoja au wawili wa parokia, usianze peke yako. Kifaransa chako kitakusaidia, Wafaransa ni wengi njiani.

Na kama kazini wamemkatalia kabisa, amebaki na mwezi wa 7 tu, basi njia yote muiache, msiilazimishe. Mwende njia ya Waingereza kutoka Ferrol, ni kama kilometa 115 nayo, yote iko ndani ya Galicia karibu na bahari, mwezi wa 7 joto la kawaida pale ni 24 au 25, na watu si wengi kama Sarria. Cheti cha hija mnapata kwa sababu wanataka angalau kilometa 100 kwa miguu mpaka Santiago na mihuri miwili kila siku kwenye kitabu cha hija, kile mnachogongewa njiani.

*Yaya, niko kijana wa Ruashi, tunasikia 2027 ni Mwaka Mtakatifu kule Santiago. Ni heri kungoja ule mwaka? Na tufike tarehe 25 yenyewe?*

Ndiyo, 2027 ni Mwaka Mtakatifu. Unakuja kila tarehe 25 mwezi wa 7 ikianguka siku ya Jumapili. Uliopita ulikuwa 2021, Papa akauongeza mpaka mwisho wa 2022 juu ya korona. Baada ya 2027 ni 2032. Kama unaweza kungoja na moyo wako unataka kupita Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu la Santiago, ngoja, ni jambo kubwa kwa Mkatoliki na sitakuambia ni sawasawa na mwaka mwingine.

Tarehe 25 ndiyo nakukataza. Mwaka 2024, mwaka wa kawaida tu, walioandikishwa wamefika walikaribia laki tano, sasa piga picha mwaka wenyewe, siku yenyewe. Mlango unabaki wazi mpaka mwisho wa mwezi wa 12 na rehema kamili mtu anaipata siku yoyote ya mwaka ule akitimiza yanayotakiwa, kitubio, komunyo, sala kwa nia ya Papa. Wewe kijana nenda mwezi wa 10. Wiki ya Pasaka nayo iepuke, 2027 Pasaka ni tarehe 28 mwezi wa 3, mapema sana, baridi na mvua juu ya msongamano wa Wahispania walioko likizo. Na vitanda vya mwaka ule uanze kuvitafuta miezi kadhaa mbele, hasa kuanzia Sarria.

*Sisi ni kikundi cha vijana Wakatoliki wa Bukavu. Ulaya hatuna uwezo, tunataka kutembea mpaka Kibeho kule Rwanda. Wengine wanasema 15 mwezi wa 8, wengine 28 mwezi wa 11. Tuamue namna gani?*

Vijana, 15 mwezi wa 8. Najua 28 mwezi wa 11 ndiyo siku Bikira Maria alimtokea msichana Alphonsine pale Kibeho mara ya kwanza, mwaka 1981, na moyo unavutwa kule. Lakini mwezi wa 11 ni mvua, kwenu na Rwanda vilevile, na kati ya Rusizi pale mpakani na mji wa Huye kuna msitu wa Nyungwe, juu, baridi, mvua yake si ya mchezo. Mwezi wa 8 ni kiangazi, barabara kavu, na siku ya Kupalizwa Mbinguni watu wanatoka nchi zote za Maziwa Makuu, hamtatembea peke yenu.

Na ule msitu msiutembee kwa miguu, gari za mizigo zinapita kwa kasi kwenye kona. Pandeni basi mpaka Huye, mtembee kutoka pale, ni kama kilometa 30 za vilima, mnaweza kuzigawa siku mbili. Hali ya mpaka muiulize wiki ileile ya kuondoka, na barua ya padri wenu muwe nayo. Fikeni tarehe 13, tarehe 14 jioni pa kulala panakuwa pamekwisha, na kila mmoja awe na sweta, vilima vya kule usiku ni baridi hata kiangazi.