Re: Mchicha katikati ya mpunga, magugu yatapungua?

Mkuu, umeuliza kama mchicha ukipandwa kati ya mistari ya mpunga utakupunguzia palizi. Inategemea shamba. Kwenye majaruba yenye maji yaliyotuama sahau, mchicha utaoza. Huko maji yenyewe ndiyo yanayozuia magugu mengi.

Mpunga wa mvua wa nchi kavu ndio unaofaa. Panda kwa mistari, sentimita 30 hivi, maana ukimwaga mbegu hovyo hutajua uvune nini. Palilia vizuri wiki ya pili au ya tatu, ndipo usie mchicha. Ung'oe wote ukiwa mchanga, kabla ya mpunga kuanza kutoa machipukizi mengi. Ukiuacha utoe mbegu, msimu ujao gugu ni huohuo mchicha!

Kama una kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mpunga), kama mashamba mengi ya Kyela, mimi ningechagua kunde zisizotambaa. Huamsha mbegu za kiduha bila kuzilisha, na majani unapeleka jikoni. Matembele hapana, yatafunika mpunga.

Gugu la ndago hudhoofika kwenye kivuli lakini haliishi kwa hicho tu, lichimbue mapema. Na usipulizie dawa ya magugu ya 2,4-D: inaua mimea ya majani mapana, mboga yako ikiwemo.