Maswali na Majibu: Kabla ya kununua guleti Bodrum, gonga mbao zake

Tangu nilipowagusia mafundi wa guleti, zile boti za mbao zenye milingoti, wa Bodrum na Bozburun, kule pwani ya kusini-magharibi ya Uturuki, maswali hayakatiki. Haya ndiyo niliyoona yana faida kwa wengi.

Guleti ya mita 20 ni bei gani? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili hunijia kila mwezi. Hakuna bei ya "guleti ya mita 20". Kuna bei ya chombo fulani, cha mwaka fulani, cha mbao fulani, chenye injini iliyofanya kazi saa kadhaa na bendera ya nchi fulani kilikoandikishwa. Guleti mbili zimefungwa gati moja, urefu ni ule ule, na moja inauzwa mara tatu ya mwenzake na bado ndiyo yenye nafuu, kwa sababu ile ya bei ya chini itakumaliza kwenye matengenezo. Uliza kwanza gharama ya kuitunza. Watu wa bahari hukadiria asilimia 10 ya bei ya chombo kila mwaka, na kwa cha mbao kilichozeeka tenga zaidi.

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa majahazi, Matondoni. Hao Waturuki wanatumia mbao gani, na wanatuzidi nini?

Marahaba, fundi. Swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Mbao yao ya asili ni msonobari wa milima yao wenyewe: huo ndio mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ndio mataruma, yaani mifupa yake ya ndani, na mara nyingi ndio ubavu. Wapo wanaotumia pia mti wanaouita kestane kwa mbao za ubavuni. Mteja mwenye fedha huagiza mkangazi, msaji kwa sitaha, au iroko. Na iroko ni nini? Ni mvule wetu. Unaweza kusimama katika karakana ya Bodrum ukanusa vumbi la mbao unayoijua tangu utotoni.

Hata neno ni moja. Wewe unapiga kalafati, na wao kazi ile ya kushindilia pamba kati ya mbao wanaiita kalafat. Tofauti ni umbo. Guleti yenyewe ina tezi, yaani upande wa nyuma, ya mviringo. Aina yao nyingine ina tezi bapa kama jahazi letu, na tirhandili, ambayo ndiyo kongwe, imechongoka omo (mbele) na tezi. Siku hizi karakana nyingi zinagundisha mbao nyembamba tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya epoksi, kwa hiyo hakuna mshono wa kukalafati. Chombo kinakuwa kikavu na chepesi kidogo, ila kikipata maji ndani ya tabaka, kukitibu ni kazi ngumu kuliko kubadili ubao mmoja.

Ukijaliwa kufika, ingia ngome ya Bodrum, kwenye makumbusho ya mambo ya kale ya chini ya bahari. Wameweka mabaki ya chombo kilichozama Uluburun katika karne ya 14 kabla ya Kristo na kuchimbuliwa kati ya 1984 na 1994. Katika shehena yake kulikuwa na magogo ya mpingo kutoka Afrika. Mpingo huu huu unaochongwa Mtwara! Mbao zetu ziliijua bahari ile zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Wanatuzidi nini? Mkono, hapana. Wana wateja na mikopo, na serikali yao inaiona kazi ile kuwa ni biashara. Sisi tunawaacha mafundi wetu wazeeke bila wanafunzi, na hilo linaniuma.

Dalali amenitumia video ya guleti ya mwaka 2006, imepakwa vanishi upya, vyumba sita, kila kimoja na bafu lake. Anataka arubuni, malipo ya kukishika chombo, wiki hii kwa sababu kuna mnunuzi mwingine. Nitume? (Msomaji, Muscat)

Usitume. Huyo mnunuzi mwingine yupo katika kila biashara ya boti niliyowahi kuisikia.

Ndugu yangu, umenieleza vanishi, vyumba na mabafu. Hukunieleza mbao ya ubavu ni ya mti gani, mataruma yakoje, wala misumari ni ya chuma cha kawaida au cha pua. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia: wananunua kinachoonekana sebuleni, na chombo chenyewe kiko chini ya maji.

Kinachoozesha boti ya mbao ni maji matamu. Ya chumvi huihifadhi. Mvua inayopenya pale sitaha inapokutana na ukuta wa pembeni, na maji ya bafu yanayochuruzika taratibu chini ya sakafu, ndiyo maadui. Kwa hiyo mabafu sita ni mahali sita pa kukagua, na vanishi mpya si ushahidi wa lolote. Mimi nilipakwa rangi machoni namna hiyo miaka iliyopita, katika gati ambalo silitaji. Boti iling'aa, nikalipa mkaguzi aliyeletwa na muuzaji mwenyewe, na msimu wa kwanza tukabadili mataruma manane. Ndiyo sababu sichoki kulirudia hili.

Fanya hivi. Tafuta mkaguzi wa vyombo wewe mwenyewe, anayejua mbao na asiyemfahamu dalali, na umlipe wewe. Chombo kipandishwe chelezoni, nje ya maji. Apite na nyundo ubavu mzima: mbao nzima hulia, iliyooza hutoa sauti ya kufa. Atazame michirizi ya kahawia kwenye mbao, maana ni kutu ya misumari inayotoka. Afungue sakafu, ashuke kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, na tochi, atie kisu penye nguzo za sitaha na kwenye chumba cha mnyororo wa nanga. Kisha mwende baharini, injini ingurume saa nzima.

Arubuni ina mahali pake. Katika mikataba inayotumika sana Mediterania huwa asilimia 10, na inakaa kwa mtu wa kati mpaka ukaguzi na safari ya majaribio vipite. Haiingii mfukoni mwa dalali. Na mwambie wakili atafute madeni: mishahara ya mabaharia isiyolipwa hukifuata chombo hata kikibadili mwenyewe. Utanunua guleti pamoja na deni la mpishi wake.

Kama una subira, ngoja mwisho wa Oktoba. Watalii wameondoka, na wenye boti wanaitazama gharama ya majira ya baridi. Hapo ndipo bei inazungumzika.

Mbao au faiba? (Msomaji, Kampala)

Kama hutakuwa karibu na chombo chako angalau miezi michache kwa mwaka, faiba.

Mimi na mume wangu tunaishi London. Tunataka kununua guleti Marmaris na kuikodisha kwa watalii ili ijilipe yenyewe. Inawezekana?

Dada yangu, kabla hujahesabu watalii, hesabu bendera. Tangu 1926 Uturuki ina sheria ya kabotaji inayohifadhi biashara ya pwani yake kwa bendera yake na raia wake. Wanaiadhimisha kila tarehe 1 Julai. Guleti yenye bendera ya kigeni unaweza kuitembelea na familia yako, lakini kuchukua abiria wa kulipa kwenye ghuba zile ni jambo jingine kabisa. Na ili ipeperushe bendera ya Uturuki, wenye sehemu kubwa ya umiliki wawe Waturuki. Hapo ndipo anapojitokeza "mshirika" wa kuandikisha jina lake. Boti ikishakuwa kwa jina la mtu mwingine, ni ya mtu mwingine. Nawasihi msikubali mpango huo bila wakili wenu wenyewe, aliyesajiliwa huko huko.

Na ile habari ya "kujilipa yenyewe", itoeni kichwani. Msimu ni kama Mei hadi Oktoba, nahodha na mpishi wanahitaji mishahara, na wakati wa baridi chombo kiko nchi kavu kinakula fedha.

Ni kweli guleti haziendi kwa tanga? (Msomaji, Tanga)

Nyingi zinakwenda kwa injini, na milingoti ni mapambo. Ni nzito, na milingoti ni mifupi kwa uzito ule. Lakini zipo zilizojengwa kwa ajili ya upepo, na tangu 1989 hushindana kila Oktoba katika Bodrum Cup. Ukitaka chombo cha tanga, nenda uzione siku hizo. Usimwamini muuzaji mpaka uione ikitweka tanga.

Nikiinunua, naweza kuileta Dar es Salaam kwa bahari? (Msomaji, Kigamboni)

Njia ni Suez, Bahari ya Shamu, Bab el Mandeb, kisha kukata Ghuba ya Aden. Zamani ningekwambia ufike Aden Desemba au Januari ili kaskazi ikusukume hadi nyumbani, ingawa nusu ya kusini ya Bahari ya Shamu ungeipanda upepo ukiwa usoni. Lakini tangu Novemba 2023 meli zimeshambuliwa katika maji yale, na maharamia wa pwani ya Somalia nao wakarudi. Bima ya boti ndogo utaitafuta kwa tochi. Siwezi kumshauri mtu apite pale na watoto.

Kuipakia juu ya meli kunawezekana, na hapa sikiliza vizuri. Guleti ya mbao zilizokalafatiwa ikikaa juani wiki kadhaa, mbao hukauka na mishono hufunguka. Ifunikwe, ubavu urowanishwe njiani kama wenye meli watakubali. Ikishushwa, ibaki kwenye mikanda ya kreni huku pampu zikifanya kazi, mpaka mbao zivimbe na kuziba. Na kabla haijashushwa, rangi ya chini iwe mpya, kwa maana katika bahari yetu yenye joto mdudu anayetoboa mbao hana likizo. Tafuta fundi wa majahazi kutoka Nungwi, Unguja, awepo siku hiyo.